Usiamini Taa ya Kijani

Juzi mliponiaga pale karakana mlinipa saa ya ukutani. Ni nzuri, ina fremu ya rangi ya dhahabu na picha ya maua, ila ndani hamkuweka jiwe. Watu wanaokula kwa betri wamemuaga mtu wa betri kwa saa isiyo na betri! Nilicheka njia nzima. Aneth, binti yangu, aliponiuliza nina nini, nikamwambia nimefurahi tu.

Siku ileile mliniomba niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu na viti vya ngazi, msije mkapata shida ya kunipigia simu kila chaja ikigoma. Nimekubali, kwa sababu mtanipigia tu. Habari za vyeo sitaandika. Havikuwa vingi, na kila kimoja kilikuja na rundo jingine la funguo za kubeba.

Nilianzia Temeke, kwenye duka la kuchaji betri za magari la Mzee Nasoro. Kwao ni Waarabu wa zamani wa pale pale, baba yake aliuza mafuta ya taa na sabuni tangu barabara haijajua lami, na yeye akageukia betri. Mimi nilikuwa nimetoka Njombe na cheti changu cha kidato cha nne, nakaa kwa shangazi. Mzee Nasoro alinipa kalamu niandike jina langu, akaliangalia, akasema, "Mwandiko mzuri. Betri za watu hazitachanganyika." Usaili wote ulikuwa huo. Kazi yangu ilikuwa kupokea betri, kuandika jina la mwenyewe ubavuni kwa chaki, na kupokea simu.

Siku ya kwanza, kabla hata ya chai ya saa nne, niliweka spana juu ya betri ya lori ili mikono yangu iwe huru kuandika. Iliruka cheche ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona. Mzee Nasoro akaja polepole, mikono nyuma.

"Ewe binti, hiyo spana umeipa kazi gani hapo?"

"Nimeiweka tu. Shikamoo." Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi, lakini woga haukumbuki.

"Marahaba. Juu ya betri hapawekwi kitu. Si spana, si bangili, si kikombe. Umesikia?"

Nilisikia. Somo la pili nilipewa na asidi yenyewe. Nilikuwa naenda kazini na sketi yangu ya kanisani kwa sababu ndiyo ilikuwa ya maana, na baada ya wiki mbili ikawa na vitundu vidogo vidogo. Shangazi alilaumu mende, akapulizia dawa chumba kizima tukalala sebuleni. Sikumwambia ukweli. Nilimwomba Mzee Nasoro koti la kazini, naye akanipa la mtoto wake wa kiume lililofika magotini, nikalivaa miaka.

Ukarani wangu uliisha bila barua. Mafundi walipokuwa wanachelewa mimi ndiye niliyekuwepo, na betri haisubiri fundi aamke. Nikajifunza kuongeza maji ya betri, kusafisha vichwa, kusikiliza betri inavyochemka ikiwa kwenye chaji. Yenye afya inatoa sauti ndogo ya kutulia. Iliyokufa seli moja inachemka upande mmoja tu, na upande mwingine umekaa kimya.

Viti vya ngazi vilitufikia kwa bahati. Mhandisi wa hospitali fulani alikuwa mteja wetu wa betri za gari, siku moja akashusha kitu cha ajabu: kiti cha kukunja chenye mpini mrefu, na mgongoni mikanda ya mpira kama ya katapila. Mtu asiyeweza kutembea anakalishwa, anafungwa, mhudumu mmoja anashika mpini, na kiti chenyewe kinashuka au kupanda ngazi kwa mota. Kimetengenezwa kwa siku ambayo lifti haifanyi kazi au moto umewaka, na mgonjwa yuko ghorofani. Chini ya kiti kulikuwa na betri, nayo ilikuwa imekufa ingali mpya.

Mzee Nasoro alikizunguka mara tatu. "Hiki kinapanda ngazi?"

"Kinapanda, Mzee."

"Basi tukione kikipanda." Tatizo ni kwamba duka letu halikuwa na ngazi hata moja. Ilibidi tukaazime za jirani, aliyekuwa amejenga ghorofa likaishia katikati, ngazi zinapanda vizuri kabisa halafu zinaishia angani. Kwa miaka mingi viti vya uokoaji vya hospitali na ofisi za jiji hili vilipimwa kwenye ngazi zile zisizokwenda popote, na mke wa jirani akianika nguo kwenye nondo juu yetu. Wateja hatukuwaambia.

Pale ndipo Mzee Nasoro aliponifundisha jambo ninalotaka mlishike hata kama mengine yote mtayasahau. Mita ikikwambia betri imejaa, hiyo ni habari ya betri iliyokaa. Tunataka habari ya betri iliyobeba. Alichukua taa ya mbele ya lori, kwa kuwa lori na kiti vyote ni vya volti ishirini na nne, akaiunga kwenye betri na kuiacha iwake huku mita ikiwa imeshikiliwa palepale. Betri nzima inashuka kidogo na kusimama. Betri iliyochoka inaanza kwa mbwembwe, halafu namba zinaporomoka mbele ya macho yako. Ni kama mgeni anayesema ameshiba, ukifunua sufuria anakunja mikono ya shati. Siku hizi mna mashine ya kupimia yenye kioo na rangi. Iheshimuni, lakini taa yangu ya lori nimeiacha kwenye droo ya chini, msiitupe.

Tulipoanza kuzunguka kukagua viti huko vilipo, nikagundua kwamba adui mkubwa wa betri ni kutunzwa. Gongo la Mboto tulikuta zahanati moja ya ghorofa ambayo kiti chake kilikuwa bado ndani ya nailoni, juu yake kitambaa cha kufuma chenye maua, ndani ya stoo, na stoo ina kufuli.

"Tumekitunza," muuguzi mkuu alisema kwa fahari.

"Mmekichaji lini?"

"Tukichaji? Hatujakitumia bado."

Ile betri ilikuwa ya risasi na asidi, ya aina inayojimaliza yenyewe polepole hata ikikaa bure. Ilikuwa imejimaliza ikabaki hivyo mwaka mzima, ngumu ndani kama chokaa. Na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa likizo Bukoba, hata sisi kukiona ilibidi kufuli likatwe; nikawauliza, je, moto ukitokea? Nilicheka, wakacheka, tukakitoa kiti tukakiweka ukutani kwenye korido, na kile kitambaa kikaenda kwenye televisheni ya mapokezi.

Mbweni adui alikuwa upepo wa bahari. Kuna nyumba kule, kubwa, ya ghorofa mbili, walikuwa na kiti kwa ajili ya bibi yao. Kila miezi michache kilikataa kuwaka, na kila mara walitaka betri mpya. Betri haikuwa na kosa. Chumvi ilikuwa imekaa kwenye vile vibati ambapo betri inagusana na kiti, imeota kijani. Nilivisugua kwa raba ya penseli ya mjukuu wao, kiti kikawaka. Yule mjukuu alitaka raba yake irudi, nami nikamrudishia ikiwa nyeusi. Tangu hapo raba haikukosa mfukoni mwangu.

Kisha zikaja betri za lithiamu, nyepesi, za kuchomoa kama droo, na nusu ya niliyojua ikawa ya kizamani. Mzee Nasoro alikuwa ameshachoka, karakana imehamia Kinondoni chini ya kampuni iliyokuwa ikiviingiza viti, lakini nilimpelekea moja nyumbani aione. Aliigeuzageuza, akanisikiliza nilipomsomea maelekezo, akasema, "Za zamani zilitaka kushibishwa. Hizi zinataka kivuli." Maelekezo yalikuwa kurasa arobaini, naye alikuwa ameyamaliza kwa maneno hayo. Lithiamu ikipata joto sana, kinga yake ya ndani inakataa kupokea chaji. Na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri: ikikataa kupokea, chaja inaona umeme hauendi popote, inadhani kazi imekwisha, inawasha taa ya kijani.

Nililijua hilo kwa kusoma. Nililielewa Chamazi.

Kulikuwa na shule ya sekondari kule, ya ghorofa mbili juu, ambayo mwalimu wake wa kemia alikuwa Mwalimu Rehema. Miguu yake ilikuwa imepooza baada ya ajali, na maabara ilikuwa ghorofa ya pili. Mabomba ya gesi, masinki, kila kitu kilijengwa huko juu, hakihamishiki. Shule ikanunua kiti cha ngazi, cha uokoaji kwa mujibu wa karatasi, lakini asubuhi kilimpandisha kazini na alasiri kikamteremsha. Mhudumu wa shule, Bi Mwanahawa, ndiye aliyekiendesha. Alikuwa mtu wa Kilwa, mwembamba, mwenye nguvu kuliko anavyoonekana, na alimpenda Mwalimu Rehema kiasi kwamba alikuwa akifuta magurudumu ya kiti kwa kanga yake mwenyewe.

Mimi ndiye niliyekwenda kuwafundisha. Mnajua ninavyofundisha. Watu wakisinzia nawachekesha, na siku ile ilikuwa baada ya mvua, joto limejaa darasani, watu wanajipepea kwa madaftari. Nikawapigia hadithi ya kwetu. "Sie Njombe," nikasema, "mawe ya redio yakichoka hatutupi. Bibi yangu alikuwa anayaanika juu ya bati. Yakipigwa jua mchana mmoja, jioni unasikia taarifa ya habari yote, mpaka matangazo ya vifo!" Walicheka sana. Nilikuwa nataka kuendelea kwamba hizi si mawe ya redio na jua ni sumu yake, lakini hapohapo mlango ukafunguliwa, chai ikaingia na vitumbua. Tuliporudi kutoka kwenye chai nikaanza na usafi wa vibati. Niliamini nimeshamaliza lile la jua.

Mwezi wa pili baada ya mafunzo, simu zikaanza.

"Da Yusta, shikamoo. Kiti kimezingua," alikuwa Bi Mwanahawa, sauti imekauka. "Kimesimama katikati ya ngazi na Mwalimu yuko juu yake."

Breki za kiti kile ni nzuri, kikiishiwa chaji kinajing'ata pale kilipo, hakiporomoki. Kwa hiyo Mwalimu Rehema hakuanguka. Alikaa tu, amefungwa kifuani, ngazi ya nane kutoka juu, na kengele ya kubadili vipindi ikalia. Wanafunzi wakapita kando yake mmoja mmoja, na kwa kuwa wamelelewa vizuri, kila mmoja alimwamkia. Shikamoo mwalimu. Marahaba. Shikamoo mwalimu. Marahaba. Shule nzima. Mwishowe vijana wanne wa kidato cha nne wakambeba.

"Nimebebwa kama kabati," aliniambia nilipofika. Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya utulivu, ya mtu aliyezoea kupima vitu. "Betri yako ina nini?"

Sikujua. Niliichukua nikaileta Kinondoni, nikaichaji, nikaiunga kwenye taa ya lori. Ikabeba, ingawa ilishuka upesi kuliko umri wake. Nikairudisha. Siku nne, kikasimama tena. Nikapeleka betri mpya kabisa, nikavunja nailoni mbele yao. Wiki mbili, kikasimama, safari hii wakati wa kupanda. Karakana kwangu betri ilikuwa inakaa vizuri, ikifika Chamazi inaharibika, na mimi nikaanza kuulaumu umeme wa kule, soketi, ngazi, hata hewa.

Mkuu wa shule aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na hofu ya mzazi mmoja kuja na maswali.

"Mama Aneth, mie nataka kitu kimoja tu kwa maandishi. Chanzo ni nini. Kama ni betri, badilisheni. Kama ni chaja, badilisheni. Ila kama watu wangu hawaiwezi hii mashine, basi tusidanganyane. Mwalimu Rehema atashuka chini afundishe Uraia, na maabara nitampa kijana mwingine."

"Mwalimu amekubali?"

"Hajaulizwa bado."

Alikuwa ameshaulizwa na uvumi. Nilipotoka nikamkuta kwenye korido ndani ya kiti chake cha magurudumu, ana chupa ya rangi ya zambarau mapajani, anasubiri wale vijana wanne.

"Uraia," akasema. "Miaka kumi na sita nimefundisha kemia. Unajua mie nitawaambia nini kwenye Uraia? Haki na wajibu wa raia. Huku nimekaa chini, maabara iko juu ya kichwa changu, naisikia inavyofanya kazi." Akaigeuza ile chupa. "Tafuta hiyo hitilafu, Mama Aneth. Nakuomba."

Nilimwonea uchungu, na nilijionea aibu, maana nilikuwa nimekwenda pale mara tano na kila mara nilipima betri bila kumwangalia mtu. Kwa hiyo safari ya sita sikubeba hata mita. Nilibeba kiti cha plastiki na chapati, nikakaa chini ya ngazi kuanzia kengele ya asubuhi.

Asubuhi Bi Mwanahawa alimpandisha Mwalimu vizuri. Akashusha kiti kitupu, akakifuta, akachomoa betri kwa mikono miwili kama anavyochukuliwa mtoto aliyelala, akaondoka nayo. Nilidhani anaipeleka kwenye chaja. Nikamaliza chapati. Saa sita nikainuka kumtafuta.

Nyuma ya jiko la shule kuna ukuta mfupi wa saruji unaopata jua mchana kutwa. Sufuria zilikuwa zimepangwa pale, zimesuguliwa, zinang'aa. Mbele yao kulikuwa na kanga safi iliyotandazwa, na katikati ya kanga, betri yangu. Bi Mwanahawa alikuwa ameinama anaigeuza upande wa pili, ili ipate jua sawasawa.

Niliigusa. Ilinichoma vidole.

"Mwanahawa. Unafanya nini, mdogo wangu?"

"Naianika," alisema, akiniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapika kwa moto. "Kila siku naianika, sijaruka hata siku moja. Kisha naiweka kwenye chaja dakika tu, taa inakuwa kijani, jua limeshaijaza. Nachomoa, sili umeme wa shule bure. Si wewe mwenyewe ulituambia? Bibi yako, juu ya bati?"

Nilikaa kwenye ule ukuta, katikati ya sufuria. Kila kitu kilijipanga wakati mmoja. Betri inaanikwa mpaka inachemka, inaingizwa kwenye chaja, kinga ya ndani inakataa, chaja inawasha kijani, Mwanahawa anachomoa. Siku za mawingu ilichaji kweli, ndiyo maana haikufa upesi. Siku za jua kali haikupata kitu, na kila mchana joto liliimega kidogo. Mtu mvivu asingeiua betri ile. Iliuliwa na mtu aliyenisikiliza kuliko wote darasani.

"Nimekosea?" aliuliza, akiondoa mkono kwenye betri. "Da Yusta, ni mie ninayemkwamisha Mwalimu?"

"Hapana," nikasema. "Ni mie."

Sasa niwaambie jambo ambalo karakana hamkuwahi kulijua. Fomu yetu ya ripoti ina mstari wa chanzo cha hitilafu, na kuna maneno matatu ambayo kila fundi anayaandika bila kufikiri: matumizi yasiyo sahihi. Usiku ule niliyaandika. Yalikuwa ya kweli, kwa namna fulani, na yalikuwa yanatulinda, kampuni na mimi. Lakini mkuu wa shule alikuwa ameshaniambia akiyasoma hayo atafanya nini. Asubuhi nikampigia Mzee Nasoro, nikamsimulia. Alicheka mpaka akakohoa, mkewe akamletea maji nikisikia. Kisha akarudi kwenye simu.

"Umeandika nini?"

Nikamwambia.

"Yusta, huyo mama alitumia betri sawasawa na alivyofundishwa. Sasa hayo matumizi yasiyo sahihi ni ya nani?" Akakata simu, maana aliogopa kumaliza salio hata nilipokuwa nimepiga mimi.

Nikachana ile fomu. Niliandika nyingine, aya moja, nikaenda nayo Chamazi pamoja na betri mpya. Mkuu wa shule alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Mwalimu Rehema alikuwa amekuja, na Bi Mwanahawa amesimama mlangoni, ameshika kitasa.

"Yaani," mkuu akasema taratibu, "chanzo ni utani wako."

"Ni utani wangu, mwalimu mkuu. Na chai iliyoingia kabla sijaumaliza. Wahudumu wako hawana tatizo. Nilikosea mie, na leo nimewafundisha upya, bila hadithi."

"Na mie nikuamini tena kwa lipi?"

Swali lilikuwa la haki. Nilianza kueleza juu ya betri mpya, kinga ya joto, taa ya kijani, nikajisikia ninavyoongea sana. Mwalimu Rehema akanikatiza.

"Mama Aneth, wewe umeshawahi kukaa kwenye hiki kiti? Ngazini?"

Nilitaka kusema ndiyo. Miaka ishirini na kitu kwenye kazi hii, ungedhani jibu ni ndiyo. Lakini sisi siku zote tulipimia kwa mifuko ya saruji. Mzee Nasoro alikuwa akisema saruji haina mama wa kuja kulia dukani.

"Bado," nikasema.

"Basi kaa. Mwanahawa akushushe. Mkuu aone, na mie nione."

Mkuu wa shule akakubali kwa kichwa. Tukatoka. Mwalimu Rehema akabaki chini ya ngazi, nami nikapanda kwa miguu mpaka ghorofa ya pili, Bi Mwanahawa akiniletea kiti nyuma. Akanifunga mkanda kifuani.

"Usishike ukuta, Da Yusta. Mikono kifuani."

Haya ni maelekezo yangu mwenyewe, nimeyasema mara elfu. Sikujua yanasikikaje. Kiti kikasogea mpaka ukingoni, kikainama, na kwa sekunde moja mbele yangu hapakuwa na kitu ila hewa na sakafu ya mbali. Mwili wote ulitaka kushika kitu. Kisha mikanda ikauma ngazi, mota ikanguruma, tukaanza kushuka, tik, tik, tik. Kila ngazi niliihesabu kwa mgongo. Niliwaza seli moja moja ndani ya ile betri, nikaziomba kwa majina ambayo hazina.

"Mwanahawa," sauti ya Mwalimu Rehema ikaja kutoka chini. "Simamisha hapo."

Mota ikanyamaza. Nilikuwa ngazi ya nane kutoka juu, nimening'inia, nimefungwa, siwezi kwenda mbele wala kurudi, siwezi hata kumwona aliyenishika. Uzima wangu wote ulikuwa kwenye mikono ya mtu mwingine na kile kidude chini ya makalio yangu.

"Unaona nini?" Mwalimu akauliza.

"Naona sakafu."

"Mie niliiona kipindi kizima."

Machozi yalinitoka, nayasema wazi, mbele ya mkuu wa shule na darasa lililokuwa limejazana dirishani. Sikulia kwa woga. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeandika neno kiti kwenye vitabu vya kumbukumbu maelfu ya mara, na sikuwahi kuandika kwamba ndani yake kuna mtu.

"Haya, mlete," Mwalimu akasema.

Kiti kikanguruma tena, kikanishusha mpaka chini, magurudumu yakagusa sakafu, taa zote nne za chaji zikiwa bado zinawaka. Mkuu wa shule aliitazama ile fomu yangu, akaikunja, akaitia mfukoni, akaondoka kuelekea ofisini bila kutaja Uraia. Bi Mwanahawa aliinama kunifungua mkanda, vidole vikimteleza, na mimi nikabaki nimekaa pale nikijifuta uso kwa mkono wa koti.

Mwalimu Rehema akasogeza gurudumu lake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana. Alikuwa ameshaweka vitabu mapajani. Juu, wanafunzi walikuwa wanakimbilia maabara wakivuta stuli.

"Haya, Mama Aneth," akasema, "nipishe hicho kiti. Nina kipindi."

Nikampisha.